Mawe ya Angani na Macho ya Upare

(Mhadhara wa wazi uliotolewa mjini Same mbele ya walimu, wanafunzi na wananchi. Maneno ya ukumbini yameachwa kama yalivyosemwa.)



 Najua wapo hapa walioteremka milimani, kutoka Mamba, Gonja na Vudee, na sote tunazijua kona za barabara zile. Aliyeacha tangawizi yake juani akaja kusikiliza habari za angani amenipa heshima ambayo sitaki kuipoteza kwa maneno matupu.

Shabaha yangu ni hii. Kwanza, nitatenganisha vitu vitatu ambavyo midomo yetu huvichanganya: kometi, asteroidi na kimondo. Pili, nitaonyesha kwamba elimu ya vitu hivi imejengwa kwa sehemu kubwa na watu wa kawaida wa vijijini, wakiwemo Watanzania, waliotazama juu kwa makini na kuokota kilichoanguka. Nitajaribu kuwashawishi kwamba Upare una nafasi yake katika kazi hiyo.

Mtaniuliza: kwa nini Same? Tazameni tulipo. Mawingu ya kutoka baharini hupakua maji yake kule Shengena na kwenye misitu ya Chome. Yakifika kwetu huku tambarare yamekwisha. Ukame huo unatutesa mashambani, lakini usiku unatufungulia anga. Tena tupo nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo tunaona karibu nyota zote za kaskazini na za kusini. Wataalamu wa Ulaya husafiri mbali kutafuta kile ambacho mchungaji wa mbuzi wa Kisiwani anakiona akiwa amelala chali.

1. Kometi na asteroidi ni vitu; kimondo ni tukio

Naanza na jina linalotusumbua zaidi. Tunapoona mstari wa mwanga unakatiza angani tunasema nyota imedondoka. Hakuna nyota iliyodondoka. Jua letu ni nyota, na ndani yake zingeingia dunia zaidi ya milioni moja. Nyota ya namna hiyo haiwezi kudondokea Makanya.

Kilichotokea ni kwamba punje ya jiwe, mara nyingi ndogo kuliko punje ya mchele, imeingia katika hewa ya dunia kwa kasi ambayo hatuna mfano wake barabarani. Kasi hizo huanzia kilomita 11 kwa sekunde, na nyingine hupita 70. Chukueni kasi ya kati, kilomita 35 kwa sekunde: punje hiyo ingetoka hapa Same na kufika Moshi kwa muda wa kama sekunde tatu. Ikienda hivyo, hewa iliyo mbele yake inabanwa ghafla hadi inawaka. Aliyewahi kujaza upepo baiskeli anajua jinsi pampu inavyopata moto. Jambo ni lilelile, ila ukali wake hauna kifani. Yote hayo hutokea juu sana, kilomita 80 hadi 120 kutoka ardhini.

Kimondo, basi, ni ule mwako. Kabla ya kuingia hewani, punje ilikuwa jiwe dogo linalolizunguka jua. Ikiwa kubwa kiasi cha kusalimika na kutua, inakuwa jiwe mikononi mwako. Kimondo ni zile sekunde mbili za katikati. Fikirieni mhunzi anapopiga chuma chenye moto. Nyundo ni kitu, chuma ni kitu, lakini cheche ni tukio: hakuna anayeiweka cheche ghalani.

Mzee mmoja amenikumbusha mlangoni kwamba jiwe kubwa la Mbozi linaitwa Kimondo. Ni kweli, shikamoo mzee, na sina ugomvi na jina ambalo watu wa kule wameipa mali yao. Leo, ili tusipotezane, mwanga nitauita kimondo, na kilichotua nitakiita jiwe la kimondo. Nawaombeni pia mkumbuke tofauti hii simu zenu zitakapowaletea ujumbe kwamba “kimondo kikubwa kinaikaribia dunia”. Kitu ambacho bado kiko mbali angani hakijawa kimondo. Ulizeni kwanza: ni asteroidi au ni kometi, na itapita umbali gani? Aliyeandika kutisha watu kwa kawaida hana jibu.

2. Asteroidi ni mawe yaliyobaki ujenzini

Tarehe 1 Januari 1801, Giuseppe Piazzi, padri na mtazama nyota wa Palermo nchini Italia, aliona kijinyota ambacho usiku baada ya usiku kilisogea kati ya nyota nyingine. Kiliitwa Ceres. Vikapatikana vingine vingi katika njia hiyohiyo, kati ya Mirihi na Mshtarii, na leo zimeorodheshwa asteroidi zaidi ya milioni moja. Msizidhanie zimesongamana kama mawe ya mto. Ukizikusanya zote za ukanda ule hazifikii hata sehemu moja ya ishirini ya uzito wa Mwezi wetu, na vyombo vya angani vimepita katikati yake bila kugusa hata moja.

Mawe haya yametoka wapi? Nyumba ikishajengwa, uani hubaki matofali, kokoto na vipande vya nondo. Sayari zilipojengwa yapata miaka bilioni 4.56 iliyopita, si kila kitu kilitumika. Mvuto wa Mshtarii uliyavuruga mawe ya jirani yake, yakashindwa kuungana kuwa sayari. Mengine yalibaki kama yalivyo. Mengine yalikuwa makubwa, yakapata joto na kuyeyuka. Chuma kikazama kiini, mawe mepesi yakabaki juu, halafu yakagongana na kuvunjika.

Hapa nataka Wapare wenzangu mnisikilize vizuri, maana hili liko karibu na historia yetu. Ugweno ulisifika kwa wahunzi. Washana, ndio wahunzi hao, walichukua mchanga mzito wa vijitoni, wakauyeyusha kwa mkaa na mivukuto, na majembe na silaha vilivyotoka hapo vilinunuliwa hata na Wachaga. Babu zetu walijua jambo kubwa: chuma kimejificha ndani ya mchanga, na moto ndio unaokitoa.

Sasa nendeni kwa fikra hadi Ndolezi, wilayani Mbozi, mkoani Songwe. Pale kuna pande la chuma lenye urefu wa kama mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Wenyeji walilijua kabla mpima ardhi W. H. Nott hajaliandika mwaka 1930. Pande lile halikuyeyushwa na mhunzi yeyote. Karibu asilimia 90 yake ni chuma, na zaidi ya asilimia 8 ni nikeli. Chuma cha mchanga wa vijito vyetu hakina nikeli kiasi hicho, na hiyo ndiyo alama ya kwanza ya chuma kilichotoka angani. Alama ya pili ni mistari iliyosukwa kama ukili, inayojitokeza mawe mengi ya aina hii yanapokatwa, kusuguliwa na kupakwa asidi. Mistari hiyo hujisuka pale tu chuma kinapopoa polepole mno, nyuzi chache hadi maelfu kwa kila miaka milioni. Hakuna tanuri duniani linaloweza kungoja hivyo. Tanuri lake lilikuwa kiini cha asteroidi. Anayeweka kiganja juu ya jiwe la Mbozi ameshika moyo wa dunia ndogo iliyovunjika kabla yetu sote.

3. Kometi ni barafu na vumbi, na mkia wake haufuati nyuma

Kometi, ambayo Kiswahili huiita pia nyota yenye mkia, ilizaliwa mbali, kwenye baridi ya nje ya sayari kubwa. Ni donge la barafu lililochanganyika na vumbi. Kule mbali limelala tu, jeusi kuliko mkaa. Likikaribia jua, barafu yake inageuka mvuke, mvuke unabeba vumbi, na donge la kilomita chache linajivika shela na mkia wa mamilioni ya kilomita.

Kuhusu mkia huo, wengi tunakosea. Tunafikiri unaburuzwa nyuma kama moshi wa garimoshi. Kumbukeni badala yake jiko la kuni uani, siku upepo wa Same unapovuma. Moshi haujali mpishi anakwenda upande gani, unafuata upepo. Jua nalo lina upepo wake, na mwanga wake unasukuma vumbi. Kwa hiyo mkia wa kometi huelekea upande ulio kinyume na jua, na kometi inapoondoka, mkia unatangulia mbele.

Inayojulikana zaidi ni ya Halley, inayorudi kila baada ya miaka kama 76. Edmond Halley, Mwingereza, alitangaza mwaka 1705 kwamba nyota zenye mkia za 1531, 1607 na 1682 ni moja ileile, na kwamba ingerudi mwishoni mwa 1758. Alikufa kabla ya kuiona, nayo ikarudi kama alivyosema.

Mei 1910 ilirudi tena. Wakati huo reli ya kutoka Tanga, iliyokuwa imefika Buiko mwaka 1909, ilikuwa inasogezwa katika tambarare zetu hizi kuelekea Moshi, ilikofika mwaka 1911. Vibarua waliolala kando ya mataruma walikuwa na kometi juu ya vichwa vyao. Mwezi huohuo, katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani, watu waliojisifu kwa elimu walinunua vidonge vya kujikinga na sumu ya mkia wake. Nasema haya ili kijana asidhani hofu ya anga ni ugonjwa wa babu zetu peke yao. Hofu humshika yeyote asiyepewa maelezo.

Mimi niliiona mwaka 1986. Nilikuwa mwanafunzi, na mwalimu wetu alitutoa bwenini kabla ya alfajiri, Machi, baridi imeshika masikio. Tulitarajia moto, tukaona ukungu mdogo, kama pumzi juu ya kioo. Wenzangu wengine walinung'unika wakarudi kulala. Mwalimu akasema, “Tazameni vizuri. Atakayerudi kuiona atakuwa mzee.” Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya mwalimu.

4. Ukuta kati yao una milango

Nimewatenganishia. Sasa lazima niwe mkweli kwenu: maumbile hayakuweka kuta ngumu kama za vitabu.

Mlango wa kwanza ni wa vimondo. Kometi ikipita inaacha vumbi njiani, kama lori la jasi la Makanya linavyoacha vumbi barabarani. Dunia ikikatiza njia hiyo, tunapata manyunyu ya vimondo. Kila mwaka mwanzoni mwa Mei, na tena karibu na tarehe 21 Oktoba, tunapita katika vumbi la Halley. Ambaye hatafikia kuiona kometi yenyewe anaweza kuona vumbi lake likiwaka. Lakini manyunyu makubwa ya tarehe 13 na 14 Desemba, yanayoonekana kutoka kundi la Mapacha, yanatokana na Phaethon, na Phaethon imeandikwa kuwa asteroidi. Jiwe linaloacha vumbi kama kometi: kijana wangu wa kidato cha sita unayeandika pale mbele, hapo pana kazi ya maisha yako.

Mlango wa pili ni wa maji. Hapa Upare maji hayahitaji utetezi. Tuna ndiva, tunayakusanya maji ya usiku ili asubuhi yafunguliwe mfereji kwa zamu. Basi na dunia nayo iliulizwa: nani aliyejaza ndiva yako? Jibu la haraka lilikuwa kometi, kwa kuwa ni barafu. Mwaka 2014 chombo Rosetta cha Ulaya kiliifikia kometi 67P Churyumov-Gerasimenko, na tarehe 12 Novemba kikateremsha juu yake chombo kidogo, Philae. Vipimo vya Rosetta vilionyesha kwamba mvuke wa kometi ile una hidrojeni nzito mara tatu zaidi ya bahari zetu. Kwa vipimo hivyo, maji yake hayakuonekana kuwa ya ukoo mmoja na yetu. Asteroidi nyeusi, zenye madini ya udongo yaliyofunga maji ndani yake, zinakaribiana zaidi na bahari. Kitu tulichokiita jiwe kavu huenda ndicho kilichotunywesha.

5. Ushahidi hukaa kwa anayeokota

Hapa ndipo nilipokuwa nawaleta.

Tarehe 16 Desemba 1938, huko Ivuna, kusini mashariki mwa Ziwa Rukwa, mawe yalianguka. Yaliyookotwa yalikuwa na uzito wa gramu 705 hivi, chini ya kilo moja ya sukari. Yalikuwa meusi na laini, ya aina ambayo ikilowa maji hubomoka. Desemba ni mwezi wa mvua kule. Yangeachwa porini kwa msimu mmoja, yangekuwa tope, na tope lisingemwambia mtu lolote.

Mawe yale, kwa mchanganyiko wake wa elementi, ukiondoa gesi, yanakaribia jua lenyewe. Wanasayansi wakatenga kundi zima la mawe ya namna hiyo na kulipa herufi CI, na hiyo I ni ya Ivuna. Duniani kote, mtu akipima jiwe la angani, analilinganisha na kipimo chenye jina la kijiji cha Tanzania. Kisha Desemba 2020 chombo cha Japani, Hayabusa2, kikaleta gramu 5.4 za udongo kutoka asteroidi Ryugu. Kazi ya miaka, mamilioni ya kilomita. Walipoupima wakakuta unafanana na nini? Na jiwe la Ivuna. Mtu wa Rukwa aliyeinama akaokota alikuwa ametangulia kwa miaka 82.

Majirani nao wana yao. Mbale, Uganda, tarehe 14 Agosti 1992, mvua ya mawe ya angani ilishuka mchana. Kipande kidogo kiligonga kwanza majani ya mgomba, kisha kichwa cha kijana, naye hakuumia. Thika, Kenya, mawe yalianguka tarehe 16 Julai 2011. Sudan, tarehe 7 Oktoba 2008, asteroidi iliyogunduliwa yapata saa ishirini kabla ililipuka juu ya jangwa la Nubia. Ilikuwa mara ya kwanza binadamu kuiona asteroidi angani kisha kushika vipande vyake. Na nani aliyevipata? Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Khartoum, waliojipanga mstari mmoja na kutembea jangwani wakitazama chini. Walitumia macho yao na nidhamu yao.

Basi tukiona kimondo kikubwa kinachoangaza milima na kufuatwa na mngurumo, tufanyeje?

Kwanza, tazama saa, kisha ukumbuke kilitokea juu ya mlima gani na kilizimika juu ya mti gani. Watu wawili, mmoja Suji na mwingine Hedaru, wakiandika hivyo, njia yake inaweza kuchorwa.

Pili, ukilipata jiwe, lipige picha lilipo kabla ya kuligusa. Lichukue kwa karatasi safi, uliweke pakavu. Usilioshe, usilipasue, usilijaribu kwa moto.

Tatu, toa taarifa serikali ya kijiji, ili habari ziwafikie wataalamu wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini kule Dodoma au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Na tahadhari moja ya kwetu. Mahali palipokuwa na matanuri ya kale, jembe hufukua vipande vyeusi, vizito, vya kushangaza. Vingi ni mavi ya chuma, mabaki ya uhunzi. Ukiona vitundu vya mapovu, karibu hakika kimetoka kwenye tanuri, kwa sababu mawe ya kimondo ni nadra kuwa navyo. Lakini usikitupe! Hicho nacho ni ushahidi: kinasimulia akili za Washana, nacho kinastahili kutunzwa vilevile.

Hitimisho

Ndugu zangu, namalizia kwa miadi.

Usiku wa Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029 kuamkia Jumamosi, asteroidi Apophis, yenye upana wa zaidi ya mita 300, itapita kama kilomita 32,000 juu ya uso wa dunia, karibu kuliko setilaiti nyingi zinazotuletea televisheni. Haitatugonga, hesabu zake zimerudiwa na kuthibitishwa. Afrika itakuwa miongoni mwa sehemu za kuiona kwa macho matupu, kama nyota ya wastani inayotembea kati ya nyota nyingine. Itakapotukaribia zaidi, saa zetu zitakaribia saa saba kasorobo usiku. Aprili ni masika, na pengine wingu litatunyima. Kwa hiyo tuanze mazoezi sasa. Desemba ijayo, usiku wa tarehe 13, kuanzia saa nne, tuzime taa, tulaze mikeka, watoto wahesabu vimondo na kuandika. Kila shule iwe na daftari lake la anga.

Binadamu ameanza hata kujifunza kujikinga. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo cha Marekani, DART, kiliigonga kwa makusudi asteroidi ndogo Dimorphos, na muda wa mzunguko wake ukapungua kwa zaidi ya nusu saa. Ili kusukuma jiwe, lazima kwanza liwe limeonwa mapema.

Na mwaka 2061 Halley itarudi. Mimi, kwa hesabu ya kawaida, sitakuwepo. Ila wanafunzi mlioketi safu tatu za mbele mtakuwa na umri wa babu na bibi walioketi nyuma yenu leo. Alfajiri moja mtawaamsha wajukuu, baridi ikiwa imeshika masikio. Mtawaonyesha ule ukungu mdogo, na watakapouliza ni nini, mtakuwa na jina lake sahihi na maelezo yake.